Inatoa Zake Kwanza

Mama Pacha: Haloo? Haloo, wifi?

Fundi: Haloo, nani mwenzangu? Namba siijui.

Mama Pacha: Mimi, mama pacha. Natumia simu ya mwalimu, yangu imezima chaji.

Fundi: Wifi yangu! Za huko? Pacha hawajambo?

Mama Pacha: Hawajambo. Wifi, niko dukani.

Fundi: Umefungua?

Mama Pacha: Leo. Mara ya kwanza tangu... tangu kaka yako.

Fundi: Ndiyo. Umefanya vizuri.

Mama Pacha: Vizuri wapi! Mwalimu kaniletea mitihani nimchapie, watoto wanaifanya mchana huu. Nikishindwa anapeleka kwa wengine, na mimi narudisha funguo kwa mwenye duka, basi. Na printa imegoma.

Fundi: Taa inawaka?

Mama Pacha: Inawaka. Kompyuta ndiyo imenuna. Nabonyeza chapa, kimya.

Fundi: Ile programu yake ya Linux ya enzi za Nuhu! Nilimwambia aibadilishe, haipati hata masasisho siku hizi. Akanijibu—

Mama Pacha: "Kisichouma hakitibiwi."

Fundi: Hivyohivyo! Na waya wa printa je? Ule ulikuwa umekufa.

Mama Pacha: Nimechomeka mpya.

Fundi: Umenunua wapi?

Mama Pacha: Alinunua yeye. Ulikuwa kwenye ule mfuko wa vitu vyake tuliopewa hospitali. Haukuwa hata umefunguliwa.

Fundi: Wifi...

Mama Pacha: Si ndio alioufuata siku ile. Alipokuwa anavuka kurudi, lile gari—

Fundi: Najua. Najua. [mkwaruzo] Haloo?

Mama Pacha: Nipo. Niambie cha kufanya, mwalimu kanisimamia kashika kiuno.

Fundi: Haya. Waya ulipokufa, kompyuta iliisimamisha printa. Mpaka leo bado imeisimamisha. Hii kongwe haikuulizi kitu, lazima uiambie kwa maandishi. Fungua kile kidirisha cheusi.

Mama Pacha: Nimefungua.

Fundi: Andika sudo, acha nafasi, cupsenable, neno mo—

Mama Pacha: Polepole basi! Mimi kazi yangu ilikuwa kukata karatasi, haya yalikuwa yake.

Fundi: C, u, p, s, halafu enable. Acha nafasi, andika jina la printa. Bibi.

Mama Pacha: Bibi gani?

Fundi: Ndiyo jina aliloipa. Kwa sababu lazima ikohoe kwanza ndipo ifanye kazi.

Mama Pacha: [anacheka] Mtu huyu! Haya, nimebonyeza. Inataka nenosiri.

Fundi: Majina ya pacha, yaunganishe. Kulwa mbele.

Mama Pacha: Naandika, hakitokei kitu.

Fundi: Ndivyo ilivyo, haionyeshi. Wewe andika tu, inasikia.

Mama Pacha: Na yeye namsemesha hivyohivyo, wifi. Hakitokei kitu.

Fundi: ...Andika, mama.

Mama Pacha: Haya. Nime— Ee! Inakohoa! Bibi anakohoa!

Fundi: Ngoja, kuna kazi za zamani kwenye foleni, zitatangulia. Tuzifute kwan—

Mama Pacha: Karatasi inatoka.

Fundi: Ya mtihani?

[kimya]

Fundi: Wifi? Haloo? Mtandao huu nao!

Mama Pacha: "Nimetoka kidogo. Narudi sasa hivi."

Fundi: Nini?

Mama Pacha: Tangazo lake la mlangoni. Kila akitoka alichapa jipya, la jana keshaandikia hesabu nyuma. Siku ile nilikuta mlango mtupu. Wifi, nimemnunia maiti! Nikasema mtu gani huyu, kaondoka bila hata kuaga—

Fundi: Aliaga. Printa ndiyo haikufikisha.

Mama Pacha: Inatoka nyingine. Ileile.

Fundi: Alibonyeza tena na tena. Isipojibu, kila mtu hufanya hivyo.

Mama Pacha: "Narudi sasa hivi." Na nyingine hii. Wifi, mwili unanisisimka. Naogopa.

Fundi: Usiogope. Nikupe amri uzifute, za mwalimu zipit—

Mama Pacha: Mwache amalize.

Fundi: Lakini mwalimu ana—

Mama Pacha: Na asubiri! Mwache amalize maneno yake.

[mkwaruzo]

Fundi: Wifi. Sogeza simu karibu na Bibi. Kidogo tu.

Mama Pacha: [printa inakohoa, inavuta karatasi] Umesikia?

Fundi: Nimesikia. [anapenga kamasi]

Mama Pacha: Imenyamaza... Imenyamaza kabisa. Ah! "Hisabati, darasa la sita." Mwalimu, njoo! Njoo ushike, zinamwagika!

Fundi: Ahaa! Duka limepona!

Mama Pacha: Limepona, wifi yangu. Haya, salio la watu linaisha. Hizi zake nifanyeje? Nibandike moja mlangoni?

Fundi: Usibandike. Watu watamsubiri.

Mama Pacha: Kwani mimi nafanya nini—

[simu inakatika]