Ukuta Unaokunywa

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, liko ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi hiyo aliyelikalia kwa wasiwasi ni Kesho, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu kila kazi ya nyumbani kwake huanza kesho. Mfukoni alikuwa na karatasi tatu za msasa, ndiyo kwanza kazinunua. Mama mkwe wake alikuwa anafika kesho, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilimtisha. Safari iliyopita mama huyo aliuegemea ukuta wa sebuleni akiwa na gauni jeusi, akainuka na mgongo mweupe kama aliyeangukia unga. Alijipangusa taratibu huku akimtazama mkwewe. Sasa mke wa Kesho ameshahamisha makochi, ameshusha mapazia, amekwenda kazini, na ameacha agizo moja: akirudi akute ukuta uko tayari kwa rangi mpya ya kijani.

Kesho akawaeleza wenzake wawili wa benchi alichoambiwa na muuzaji dukani. Akwangue rangi yote inayobanduka, azibe nyufa, apige msasa, afute vumbi, kisha apake praima, ile rangi ya msingi, maana ukuta mkavu namna ile unakunywa rangi.

— Unakunywa? akauliza Rivasi, dereva mstaafu ambaye neno likimkamata hurudi nalo nyuma siku nzima.

— Ndivyo alivyosema muuzaji. Unakunywa.

— Basi usiuguse kwanza. Kitu chenye kiu hakikwanguliwi.

Mwenzao wa tatu, Kinyozi wa mtaani, akaunga mkono. Yeye hajawahi kumnyoa mtu kichwa kikavu. Ukuta upakwe povu, ulainike, ndipo ukwanguliwe kwa kufuata rangi ilivyoota. Kesho akataka kujua rangi huota kuelekea wapi, na hapo vikaisha vikombe viwili. Kinyozi alishikilia kwamba huota kwenda juu. Rivasi akasema huota kutoka dirishani kwenda mlangoni, ikifuata upepo.

— Wewe ulipoipaka ulianzia wapi? Kinyozi akamuuliza Kesho.

— Nyuma ya kabati.

— Ukaishia wapi?

— Ubavuni mwa kabati.

Walicheka mpaka Kinyozi akajimwagia kahawa. Rivasi hakucheka. Alikuwa amerudi kwenye neno lake.

— Ndugu yangu, mama mkwe hakuuegemea ukuta. Ukuta ndio ulimwegemea mama mkwe. Umekunywa miaka saba mfululizo, ulitegemea usimame wima?

Kesho akainama kwa kicheko, msasa ukimchubua paja, machozi yakimtoka. Akaona kabisa ameokoka. Akaanza kuyafanyia mazoezi maneno ya kumwambia mkewe: kwamba ukuta hautaki msasa, unataka kupumzishwa, ikiwezekana hadi wiki ijayo.

Mama Birika akatangaza kwamba kimebaki kikombe kimoja. Mwanamke mmoja mwenye begi, aliyekuwa ametua mwisho wa benchi, akakichukua. Rivasi, kwa furaha ya kupata masikio mapya, akamsimulia kisa chote, pamoja na gauni jeusi na unga mgongoni. Mgeni akasikiliza, akanywa, akauliza kwa upole:

— Na sasa hivi, huo ukuta anaukwangua nani?

Kinyozi akamtazama Rivasi, Rivasi akatazama birika. Kesho alikuwa bado ameinama, lakini kicheko kilikuwa kimekatika. Sauti ile aliijua. Akainuka polepole.

— Shikamoo, mama. Tulikutegemea kesho.

— Marahaba, mwanangu. Najua. Ndiyo maana nimekuja leo.

Kesho akatoa zile karatasi tatu za msasa, akabaki na moja, mbili akawapa wenzake bila kuwauliza, akabeba begi. Wakashika njia ya kwake, mama mkwe akitangulia. Ndipo Kesho alipolitazama gauni lake. Safari hii alikuwa amevaa jeupe pee, ukuta umwegemee utakavyo.