Nje Tatu, Kosa Mbili

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, hapo Musoma mjini, ng'ambo ya duka la ushirika. Kutoka mlango wa duka hadi kuipita nguzo ya umeme ulikuwapo mstari wa mawe. Miaka ile ya shida, nani alikuwa na miguu ya kusimama foleni tangu alfajiri? Kila mtu aliweka jiwe lake, akalikariri sura, akaenda kutafuta kivuli. Jiwe lilikuwa mtu. Ukiligusa la mwenzako umemgusa mwenyewe. Siku hiyo lilikuwa linangojwa robota moja la marekani, kile kitambaa cheupe ambacho zamani kilikuwa nguo ya maskini na sasa hata wakubwa walikitafuta. Mwenye duka alikwisha kutoa kauli: pande moja kwa kila jiwe, na mzigo hautavuka nguzo.

Keraryo alikuwa na jiwe karibu kabisa na mlango. Kaka yake, Isidori, alikuwa amefariki usiku uliopita kwao Buhare, kwa kifua kilichokosa dawa. Mbao za jeneza zilikwisha kupatikana, maana rafiki yake Matiko alivunja kitanda chake mwenyewe. Kilichokosekana ni sanda. Shuka za nyumbani zilikuwa zimegeuzwa suruali za watoto kitambo, na maziko yalikuwa kesho. Jirani mmoja alikuwa ametaja gunia, kwa nia njema tu, na tangu hapo Keraryo hakumtazama usoni.

Wenzake wa kijiwe walikaa naye ili asingoje peke yake. Alikuwapo huyo Matiko, waliyemwita Jenereta kwa kuwa akiwaka hazimiki. Alikuwapo Felisian, yaani Redio, aliyekuwa na redio isiyo na betri lakini habari hazikumpita. Na alikuwapo Clementi, Paroko, aliyetumikia altareni utotoni na mpaka leo alikuwa hajashuka. Jenoveva, muuza kahawa, aliwamiminia kahawa isiyo na sukari, wakainywa bila kulalamika.

Kumzungumza Isidori ilikuwa ni kuuzungumza mpira. Padre mmoja Mmarekani wa shule ya misheni aliwafundisha wakiwa wavulana mchezo wa kwao: mmoja anarusha, mwingine anangoja na gongo. Mrushaji akiupeleka mpira pembeni, hiyo ni nje, na zikifika nne mpigaji anatembea bure. Mpigaji akipunga akakosa, au akiuachia mpira mzuri umpite, hilo ni kosa, na yakifika matatu anakwenda kukaa. Mpira wenyewe waliufuma kwa nyuzi za nyavu kuukuu, wakaushonea ngozi ya mbuzi. Isidori alikuwa mrushaji. Keraryo alichuchumaa nyuma ya mpigaji na kumdakia kaka yake, miaka mitatu mizima, mpaka padre akarudi kwao na mchezo ukafa.

Redio ndiye aliyeanza. Aliuliza ikifika nje tatu, kosa mbili, nani ana nafuu, mwenye mpira au mwenye gongo. Akajijibu mwenyewe.

— Mwenye gongo. Mrushaji hana pa kukimbilia, akitupa nje tena amemtembeza mtu bure. Lazima alete ndani. Ndiyo maana wazee walisemaga, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni nani hapo? Matiko aliuliza.

— Mpira.

Paroko alitikisa kichwa taratibu.

— Mwenye mpira. Ni yeye tu anajua kinachokuja. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Si hiyo inamtumbukiza huyo huyo mrushaji wako? Jenoveva aliuliza.

— Inategemea na kisima, Paroko alijibu.

Jenereta akawaka. Alisema wote wawili hawana nafuu yoyote, nafuu ni ya upepo wa ziwa, na mechi zote za zamani Isidori alizishinda kwa sababu padre alichora uwanja vibaya. Redio akasema upepo si kitu, ila mpigaji akifikishwa nje tatu macho yanamtoka kama ya sato aliyevutwa ghafla kutoka kilindini, basi anaona mpira mkubwa kama chungu. Paroko akauliza mbona Petro alikosa mara tatu na bado akakabidhiwa kondoo. Hapo wote waliinamia vikombe vyao, maana kumbishia Petro si jambo la kufanya siku ya msiba.

— Mura, jamani, tazameni, Jenereta alisema, akionyesha mlango wa duka kwa fimbo yake. Mrushaji ni yule mle ndani. Sisi tumesimama na gongo. Tangu vita iishe tuko kosa mbili, na anarushaga akitaka.

Keraryo alikuwa akisikiliza kwa mbali. Alimwona Isidori amesimama katika ule uwanja wa vumbi, nje tatu, kosa mbili, akijigusa sikio la kulia na kutabasamu. Uchungu ukampanda ghafla. Walikuwa wakimgombania Isidori tangu asubuhi, na kila aliyesema alisema vingine kabisa. Hakuna aliyemsema Isidori mwenyewe.

— Wewe ndiye ulimdakiaga, Redio alimwambia kwa upole. Sema basi. Nani alikuwa na nafuu?

Keraryo aliweka kikombe chini. Akainuka.

— Siwezi kusema. Nitawaonyesha.

Walimpisha barabarani. Matiko akasimama na fimbo yake, miguu akaitanua kama padre alivyowafundisha. Keraryo alitazama chini. Miguuni pake, karibu na nguzo, kulikuwa na jiwe la mviringo, laini, la ziwani, linaloenea kiganjani kama lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Akaliokota. Alijigusa sikio. Watu wote walitazamia kombora, kwa sababu ndivyo ilivyopasa, na Isidori hakuwahi kufanya ilivyopasa. Keraryo alilirusha polepole, kwa mzunguko ule ule wa mkono wa kaka yake, jiwe likapaa kivivu kana kwamba halina haraka na mtu.

Matiko akangoja. Akangoja tena. Kisha akalipata katikati.

Jiwe lilipita juu ya paa la kibanda cha fundi baiskeli, likaenda kuzama ziwani. Kijiwe kizima kikacheka, na Keraryo akacheka nao, kwa mara ya kwanza tangu usiku, mpaka machozi yakamtoka, na hayo hakuyafuta. Redio alitangaza kwamba ndiyo hiyo, mwenye gongo ana nafuu. Paroko akasema hapana, huyo hakuwa Isidori, alikuwa mdogo wake. Jenoveva akatikisa birika, akawaambia kahawa imekwisha.

Wakiwa bado wamesimama ndipo akaja mama mmoja kutoka upande wa hospitali, kanga imefifia, viatu amevishika mkononi. Alikuwa Skolastika, mkulima wa Kiriba. Aliufuata mstari wa mawe toka mwanzo, ameinama, akafika kwenye nguzo, akarudi. Alirudia tena. Wenye mawe ya nyuma walikwisha kuyasogeza mbele na pengo likazibika. Kila aliyemtazama alidai jiwe lake lilikuwa pale pale tangu asubuhi.

Akaja mbele ya ubao.

— Habari zenu, wenzangu. Jiwe langu liko wapi? Lilikuwa la duara, hapa karibu na nguzo. Niliweka alfajiri nikarudi wodini kumwosha mjukuu.

Redio, aliyejua habari zote, alitazama vidole vyake. Paroko alivua kofia. Matiko aliisukuma fimbo chini ya ubao kwa mguu.

— Nimelirusha, mama, Keraryo alisema.

Mama hakukasirika. Alimtazama tu, kama mtu ambaye kweli anataka kujua.

— Kwa nini?

Kijiwe kile kilikuwa na majibu ya kila kitu, ya upepo, ya serikali na ya mitume. Hilo la Skolastika lilikaa pale juu ya ubao na hakuna aliyeligusa.

Keraryo alimshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye jiwe lake karibu na mlango. Akamwambia hapo ndipo pake sasa. Mama alilitazama lile jiwe, kisha akamtazama kijana mwenyewe, shati lililofunguka vifungo, macho mekundu.

— Na wewe una nani nyumbani?

— Kaka.

— Ana urefu gani?

Keraryo aliinua mkono juu ya kichwa chake. Skolastika aliinama kidogo, akaweka kiganja chake sawa na goti.

— Wangu ni hivi, alisema. Basi tusimame wote hapa.

Mlango ulipofunguliwa walisimama wawili kwenye jiwe moja, na kwa jiwe moja wakapewa pande moja. Redio na Paroko walikuwa na mawe nyuma ya nguzo. Robota liliisha kabla halijawafikia. Skolastika alipima sanda ya mjukuu wake kwa mkono, akachana kwa meno, akamrudishia Keraryo kilichobaki huku akimwombea marehemu. Akaondoka kuelekea hospitali, kitambaa amekibana kifuani.

Buhare, kesho yake, watu wa kijiwe wenyewe ndio waliomvika Isidori. Kitambaa walikivuta huku, wakakivuta kule. Kilimfunika miguu, kikamfunika kifua na mkono wa kushoto, kisha kikagoma. Matiko akaanza kuvua shati lake ili wafunike mkono wa kulia uliobaki wazi ubavuni.

— Uacheni, Keraryo alisema. Ndio alikuwaga anarushia.

Wakauacha, wakaweka mbao za kitanda juu.