Meza ya Jikoni ya Papa Inácio Rosário Sequeira (1931–1997)

Ndugu, majirani na marafiki mliotoka Ixelles, Saint-Gilles na mbali zaidi kuja kumsindikiza, mimi ni Hadassa, mtoto wa kwanza wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu kwa miaka saba mimi ndiye niliyemchapia kazi zake. Nitajitahidi nisimpambe. Yeye mwenyewe asingevumilia.

Papa Inácio alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 12 Machi 1931, katika mji wa Mapusa, Goa, huko India, sehemu iliyokuwa wakati ule chini ya Wareno. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Caetano, mwoka mikate, na mkewe Esperança. Alitueleza kwamba alijifunza kusoma kwenye magazeti makuukuu ambayo baba yake alifungia mikate, na kwamba hadithi nyingi alizijua nusu tu, kwa kuwa nusu ya pili iliondoka na mkate wa jirani. Nadhani ndipo alipoanza kutunga. Ilibidi azimalize mwenyewe.

Alisoma shule ya parokia palepale Mapusa, kisha mwaka 1946 akapelekwa Bombay kwa shangazi yake, akamaliza sekondari mwaka 1950. Chuo hakukiona. Aliajiriwa kuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, akisoma kutwa makosa ya watu wengine, na asubuhi kabla ya kazi akiandika ya kwake. Riwaya yake ya kwanza, *Tanuri la Baba*, ilitoka mwaka 1956, na ya pili mwaka 1961, zote kwa Kiingereza. Magazeti ya Bombay yalimsifu sana. Wasomaji walikuwa wachache, na alipenda kusema kwamba aliwajua wote kwa majina.

Mwaka 1964 alimfuata mjomba wake, fundi cherehani, huko Élisabethville, mji tunaouita sasa Lubumbashi, akapata kazi ya kufundisha Kiingereza. Kila adhuhuri alikula mtaa wa Kamalondo, kwa mama mmoja aliyeuza chakula na aliyekuwa na binti mwenye ulimi mkali. Binti huyo ndiye Maman Alphonsine Ngoy, mama yetu. Kiswahili chake chote Papa alikiokota kwenye meza ile, ndiyo maana mpaka mwisho alijua jina la kila mboga, lakini akienda kwenye mkutano wa Wakongomani alihitaji mkalimani. Siku moja alimpa Alphonsine riwaya yake, ameandika jina la binti ndani kwa wino mzuri. Wiki iliyofuata aliikuta imefunika chungu cha maharagwe. Maman alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na Kiingereza hakujua hata salamu. Hakuona aibu.

"Bon, miye nitafanya nini na kitabu haina picha?" alimwambia. "Lakini inafunika muzuri. Banzi habaingie."

Papa alicheka kusikia kwamba riwaya yake inazuia nzi, akaendelea kula. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 4 Mei 1968, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi na mdogo wangu Cédric.

Mwaka 1975 familia ilihamia Brussels, ghorofa ya tatu huko Saint-Gilles, karibu na stesheni ya Gare du Midi. Papa alipanga barua posta. Mwaka 1979 alitoa riwaya ya tatu kwa fedha zake, nakala mia tano, na masanduku yake yakakaa kwenye korido yetu miaka kumi na mmoja. Cédric aliyapanda ili aone treni. Kilichomuuma Papa hakikuwa masanduku. Aliniambia siku moja, tukiwa tunangoja basi kwenye Chaussée d'Ixelles, kwamba ameandika vitabu vitatu, na mtu aliyetaka avisome kuliko wote analala naye kitanda kimoja na hajui hata ukurasa mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Basi likaja, tukapanda.

Mwaka 1990 ghorofa ya juu yetu alihamia Jérôme, mpiga picha wa sinema mwenye asili ya Bukavu, ambaye yuko nasi hapa leo. Ni yeye aliyeyaona yale masanduku na kumwambia Papa, "Tonton, alors, andika senario. Sinema haiombe muntu ajue kusoma. Maman atakaa, ataona." Papa alikuwa na miaka hamsini na tisa. Wiki ileile aliweka riwaya chini, akanunua daftari la shule, akaanza kujifunza kuandika mswada wa filamu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nimeona watu wenye vipaji, lakini sijaona mwingine aliyekubali kuanza mwanzo katika umri ule bila kulalamika.

Sasa niwaeleze alivyofanya kazi, kwa sababu wengi mmeziona filamu zake na hamkuiona meza. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Maman aliweka chungu motoni, sombe, yaani kisamvu, au maharagwe, kisha akaketi mkabala na Papa. Papa alikuwa ameandika kwa Kiingereza, akawa anamsomea kwa Kiswahili, na mimi pembeni nikichapa kwa Kifaransa. Lugha tatu kwenye meza moja yenye mguu mbovu! Sharti lilikuwa moja tu. Maman akisimama kwenda kukoroga chungu, sehemu iliyokuwa ikisomwa inakatwa. Hakuulizwa sababu. "Watu hudanganya kwa mdomo," Papa alisema, "lakini miguu ya Alphonsine haidanganyi." Nimemwona akipiga mstari juu ya kurasa alizohangaika nazo mwezi mzima, kwa sababu tu mwanamke mmoja alikwenda kuangalia sombe.  Kisha akafungua ukurasa uliofuata.

Katika mswada wa kwanza Maman alisimama mara kumi na tisa. Filamu ya saa mbili ikabaki saa moja na dakika kumi na mbili, na Jérôme karibu alie. Ilionyeshwa Ixelles mnamo Novemba 1992. Taa zilipozimwa, ukuta wote ukajaa jiko la Kamalondo, refu kama nyumba, na katikati yake mwanamke akifunika maharagwe kwa kitabu. Maman akapaza sauti mbele ya watu mia mbili: "Eh! Ile chungu ni yangu!" Ukumbi mzima ulicheka. Papa hakucheka. Alikuwa amegeuka, hatazami filamu, anamtazama mke wake akiisoma kazi yake kwa mara ya kwanza. Sijui kuandika sura aliyokuwa nayo, na naomba mnisamehe.

Filamu ya pili ilitoka mwaka 1994, na Maman alisimama mara tisa tu. Ya tatu ilitoka mwaka 1996, akasimama mara tatu. Waandishi wa magazeti walikuja kumhoji Papa juu ya ufundi wake, akawajibu kwamba ufundi uko jikoni, wakadhani anatania. Lakini sisi wa nyumbani tulijua anachotafuta. Alitaka mara moja tu, kabla hajafa, Alphonsine akae mpaka mwisho.

Muda haukuwa mwingi. Mwaka 1995 mapafu yake yalianza kukakamaa, ngazi za Saint-Gilles zikamshinda, tukahamia Ganshoren, nyumba ya chini. Meza tulihama nayo. Kuanzia Februari mwaka huu alivuta hewa kwa mashine, na alikuwa akiandika mswada wa nne, juu ya mzee anayeaga mkewe asubuhi ya safari. Maman alikaa kwenye mswada wote. Ila kila alipofika sehemu ya mwisho, ya kuagana, alisimama. Papa aliiandika upya mara sita, maneno mazuri kabisa ya mapenzi, mengine yalinitoa machozi nikichapa. Maman alisimama mara sita. Mwezi Septemba Papa alivunja sharti lake mwenyewe, akamuuliza kwa nini.

"Huyu muzee anasema mingi," Maman alijibu kutoka jikoni, hakugeuka. "Muntu mwenye kwenda hana maneno, Inácio."

Jumapili, tarehe 5 Oktoba, Papa aliomba meza isogezwe karibu na kiti chake. Maman aliweka maharagwe motoni, akaketi. Papa alisoma polepole, akipumzika baada ya kila mstari mmoja au miwili, na kila alipopumzika niliitazama miguu ya Maman chini ya meza. Alifika sehemu ya mwisho. Maneno yote yalikuwa yameondoka. Mzee anamenya chungwa, analigawa mara mbili, anampa mkewe nusu. Anavaa koti, anatoka. Nusu yake mwenyewe imebaki mezani.

Nilianza kusikia harufu ya moshi. Nikataka kuinuka, Papa akaninyooshea kidole nikae. Maman alikuwa hajatikisika. Tulikaa hivyo watatu, moshi ukiingia sebuleni, mpaka Papa aliposema kwa sauti ndogo, "Alphonsine, maharagwe yanaungua."

"Iache iungue," Maman alisema. "Rudilia fasi ya chungwa."

Papa akairudia sehemu ya chungwa. Papa Inácio alifariki siku nne baadaye, Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 1997, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Ganshoren, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Hakusema neno la mwisho, na Maman hakushangaa.

Ameacha mjane, Maman Alphonsine. Watoto wawili, mimi Hadassa na Cédric. Mkwe mmoja, Rolande, mke wa Cédric. Mjukuu mmoja, Mignonne. Na dada yake Piedade huko Mapusa, ambaye hakuweza kusafiri. Jérôme, ambaye tunamhesabu kuwa mtoto wa nyumba, atapiga filamu ya nne majira ya kuchipua, bila kuongeza neno.

Jumapili iliyopita nilimsomea Maman wasifu huu kwenye meza ileile. Palikuwa na aya mbili juu ya tuzo alizopewa Papa, na moja ndefu ya kwangu juu ya fasihi. Alisimama mara tatu. Nimezikata zote. Haya mliyoyasikia ndiyo aliyoyakalia. Chungu kilichoungua bado kiko jikoni, cheusi mpaka chini, na ametukataza kukisugua.

Bwana ampokee Papa Inácio, apumzike kwa amani. Nasi tuliobaki tunaomba jambo moja: leo hapa kaburini asiinuke mtu yeyote kabla ya Maman kuinuka.