Waya wa Dhiraa Mbili

Kaeni karibu, wanangu. Mugisha, njoo upande huu wa sikio linalosikia, na wewe Umutoni weka hilo bakuli la uji chini, sitakula tena, usinibembeleze. Maneno ninayo mengi na pumzi haiyatoshi, kwa hiyo nitaanza na yale yanayoweza kuua, na ya nyumba na shamba yatafuata nikiwa bado nipo. Mimi Faradji, seremala wa Majengo, mtoto wa mtu aliyetoka Ujiji na mzigo wa chumvi akaoa hapa Gisenyi, nasema haya nikiwa na akili zangu, asubuhi kweupe, mbele yenu wawili na mbele ya jirani yetu Mukamazimpaka aliyeketi hapo mlangoni, ili kesho asitokee mtu wa kusema mzee alikuwa akiweweseka.

Naogopa, wanangu, na sioni haya kulisema. Walimwengu hupenda kusikia kwamba mzee mwenye mvi haogopi kufa. Mimi naogopa, tangu jana moyo unanidunda mpaka kwenye meno, ila kifo changu nimekizoea kidogo, kimelala nami kitanda hiki mwezi mzima. Ninachokiogopa ni chenu.

Jana askari walipekua nyumba za mstari wa chini. Mliwaona wakivuta nyaya juu ya mabati, mkamwona kijana wa kuziba matairi akipandishwa garini kwenda kuulizwa habari za waya wake, na mpaka sasa hajarudi. Siwalaumu kwa kutafuta. Tangu waasi waanze kushuka kwa vijia vya Bugeshi, kuna watu wanaozungumza na msitu kwa redio, na ukiwa askari, waya usioujua lazima uuone una mtu upande wa pili. Leo zamu ni ya mstari wetu. Na sisi, katika karakana yangu, nyuma ya randa na misumeno, tuna boti, na tuna rimoti yenye antena ya chuma ya kuvuta.

Boti mnaijua tangu utoto. Yule bwana Mbelgiji wa nyumba ya ufukweni alinipa kazi ya kuichonga kwa ubao wa libuyu uliovuka kutoka Kongo, naye akaweka ndani mota, mawe ya redio, yaani betri, na kipokezi, kile kidude kinachosikia amri ya rimoti na kugeuza usukani. Alipoondoka kwa haraka aliniachia yote. Mama yenu Mukankusi, Mungu amrehemu, msalaba shingoni na kitenge cha Goma kiunoni, alikuwa akicheka kuliko watoto wote wa ufukweni boti ilipogeuka ziwani na kumrudia miguuni. Ni kitu cha kuchezea, wala hakijawahi kumdhuru mtu.

Lakini panya waliutafuna waya wa kipokezi nilipokuwa hospitali, na wewe Mugisha, kwa kunipenda, ukataka nirudi niikute nzima inichangamshe. Sikukemei, mwanangu, inua uso. Ulifanya kama kila mtu hapa afanyavyo na redio ya kusikilizia habari, ambayo ukitaka ishike vizuri unaiongezea waya, unaupitisha darini, unaufunga kwenye mparachichi. Ukaunga waya kutoka kwenye boti mpaka juu ya mti, ukasimama uani na rimoti mkononi, antena imenyooka, na usukani haukukutii hata kidogo. Ukaniambia, "Papa, waya ni murefu lakini haishike." Ni kwa kuwa redio ya habari huokota kila sauti ipitayo, ila kipokezi hiki kimetengenezwa kisikie sauti moja tu, na kimefungwa tangu kiwandani kwa waya wa urefu wake. Ukiuzidisha kinapotea, na ukiupunguza ni hivyo hivyo.

Hilo lingekuwa kosa dogo, kama jirani Kimenyi hangekuwa juu ya ukuta wake. Alikuja hapa kitandani akajifanya kuniuguza, kisha akauliza polepole, "Mzee Faradji, ile waya ya kwenye muti, iko nasema na nani?" Nikamwambia ni boti. Akasema, "Bon, boti," akaenda zake. Tangu siku hiyo usingizi umenihama. Mimi na Kimenyi tuna ugomvi wa zamani wa ua wa miyenzi, ile minyaa ya mpakani, aliousogeza upande wetu wakati wa mvua, lakini msiseme anatuchukia. Anaogopa, na mtu mwenye hofu husema lolote ili asiulizwe yeye. Ua mwachieni, na salamu msimnyime.

Nawaona mnatazamana. Mnataka kusema, tuitupe chooni, tuipasue kuni. Mficha maradhi kilio humfichua. Kitu kimekwisha onekana, kimekwisha semwa, na kitu kilichoonekana kisha kikakosekana ndicho kinachowapeleka watu garini. Wakikikuta humu wenyewe, kimekutwa. Mkiwapelekea kwa mikono yenu kabla hawajaja, kimeletwa, na baina ya kukutwa na kuletwa ndimo yalimo maisha yenu. Ila mkienda nacho na boti isitii mbele yao, mmekwisha, maana watasema rimoti isiyoendesha boti inaendesha nini? Kwa hiyo waya upatikane sasa hivi, nikiwa nawasikia.

Umutoni, lete boti iweke hapa mbele yangu, mlango wa uani uwe wazi, mwenye kuchungulia achungulie. Chukua waya mwembamba kwenye kopo la misumari. Upime kwa mkono wangu, si wa Mugisha, amerithi mikono mirefu ya wajomba zake. Kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, mara mbili, na upana wa vidole viwili wa ziada. Mrefu utapunguzwa, ila mfupi ukiujaza viungo utaonekana ujanja machoni pa mtu anayetafuta ujanja. Usokote kwenye kisiki walichoacha panya. Sasa Mugisha, antena ya rimoti isukume yote ndani, nguvu yake iwe ndogo, ili kosa lijitokeze hapa uani lisingoje kujitokeza mbele ya bunduki. Tembea kinyumenyume, ukigeuza kijiti cha rimoti kulia na kushoto. Umutoni, macho kwenye usukani, na ukianza kutetemeka wenyewe, mwambie asimame.

Amefika jikoni tu? Bado mrefu. Kata upana wa kidole. Kidole kimoja, mwanangu, haraka haraka haina baraka hata siku kama hii.

Wakati anarudi, sikieni ya mali. Nyumba hii asiiuze mmoja wenu bila mwenzake, na mgawo wake mkaulize kwa sheikh, msiulizane wenyewe kwa hasira. Vifaa vya useremala ni vya Mugisha, lakini meza ya kazi ni ya wote, maana najua Umutoni ana mkono wa kupiga randa kuliko kaka yake, na asiyelipenda hilo ajifunze kulipenda. Shamba la maharage la Kanama lilikuwa la mama yenu, njia ikitulia mrudishieni mama yenu mdogo Nyiraneza, alilima hata sisi tulipoogopa kupanda minibasi kwenda kuliona. Deni langu ni mlango niliomwahidi Vénantie. Mbao zimekwisha pigwa randa, bawaba zimo mfukoni. Amefunga gunia mlangoni tangu ule wa kwanza uvunjwe, na siku hizi mtu asiye na mlango halali. Mumwekee kabla ya matanga yangu kwisha.

Sasa yuko wapi? Kwenye mparachichi, na usukani unatii. Kata tena. Nenda, Mugisha, nenda mpaka kwenye miyenzi. Bado unatii? Alhamdulillahi. Kata tena kidole kimoja. Ndiyo, kata, Umutoni, usiniangalie hivyo, hatutajua urefu wenyewe mpaka tuupite. Umeona? Karudi chini ya mparachichi na usukani unatetemeka. Basi ulikuwa ule wa kabla. Kata mwingine mpya, sawa na ule, uulaze kwenye mkono wangu. Dhiraa mbili, kasoro ukucha. Mkono umekonda lakini mfupa haujapungua.

Usimamishe kwenye mlingoti wake. Msiuzungushe, msiukunje kuficha ncha, usiguse mota, usiingie maji. Mugisha, rudi tena kwenye miyenzi nione mwenyewe. Aa. Kulia. Kushoto. Mama yenu angecheka.

Nipeni maji kidogo. Yatosha.

Sasa sikilizeni, sitarudia. Mtaibeba boti kichwani, wazi, bila nguo juu yake, mkiifunika mmeificha. Rimoti ashike Umutoni, antena imevutwa yote, ionekane toka mbali. Msipite vichochoroni. Piteni barabara kubwa, katikati ya watu waendao Goma kuuza, mpaka kituo cha askari kabla ya mpaka wa Grande Barrière, pale ufukweni. Msikimbie. Mkiitwa simameni, mikono ionekane. Semeni Kinyarwanda, semeni polepole. Afande, baba yetu ni mgonjwa, ametutuma tuilete boti yake kabla hamjaifuata, tunaomba tuitie majini muione. Akitaka kushika rimoti mwenyewe, mpeni, mwonyesheni kijiti. Akisema iacheni, iacheni, msiililie, mbao ni mbao. Akiuliza ule waya wa kwenye mti, semeni ukweli kama ulivyo, kwamba mlikosea urefu. Na mwambieni mwenye boti yuko hai, yuko Majengo, ana akili zake, aje amwulize.

Kwa hiyo mnaondoka sasa. Si mchana. Sasa.

Umutoni, usinishike mkono. Desturi naijua. Najua mtoto huketi kichwani pa baba yake, akamlowesha midomo, akamtamkisha shahada, na mimi mwenyewe nilimfanyia babu yenu hivyo. Tangu niugue nilikuwa nikiwaombea msiwe safarini siku hii. Leo ndimi ninayewatoa. Mukamazimpaka atakaa nami. Ni Mkatoliki, lakini amenisikia nikisali ng'ambo ya ukuta miaka yote hii, maneno anayajua, na akikosea Mungu atanisahihishia. Na kwa muoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, kwa hiyo msiende huko kishujaa, Mugisha, wakikusukuma sukumika. Nenda kiwoga, urudi.

Mungu awatangulie, awe mbele na nyuma yenu. Afunge midomo ya wasiowajua, na awape nyumba isiyobishiwa hodi kwa kitako cha bunduki. Nimewasamehe yote, na ninyi nisameheni. Mpendane, hata mkiudhiana... mpendane hivyo hivyo.

Bado mmesimama.

Wanangu. Pumzi hii... mnadhani ni yenu, ya kuagania. Siyo. Nimeibana tangu alfajiri kwa ajili ya huyo afande. Lazima anikute ninaweza... kusema neno moja. Ni yangu. Boti ni yangu, watoto hawana kosa. Hayo tu. Nikiyamaliza kwenu, kwake nitasema nini?

Msiniombe neno tena. Sitawajibu. Nendeni.