Mzee Pima Ameingia Kwenye Wimbo

Mwanangu ameingia kwenye wimbo! Habari ndiyo hiyo, salamu zitafuata. Ule wimbo wa kufokafoka wa kulitangaza duka letu, unaopigwa kwenye spika tangu mlango unapofunguliwa asubuhi, sasa una sauti yake ndani. Anayebisha aje asikilize kwa masikio yake.

Haya, hamjambo wote. Mimi ni mama yake Mzee Pima wa kaunta ya mboga. Wakongwe wa duka wananikumbuka, maana nilifagia humu miaka kumi na mmoja kabla magoti hayajanigomea. Meneja ameniomba niandike habari za kijana wangu kwenye kitabu cha sherehe, kwa kuwa anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Nikamwambia shule yangu iliishia darasa la tano. Akasema, "Mama, andika tu kama unavyoongea." Basi mkiona nimezidisha sifa, mlaumuni yeye.

Nasema kijana, ingawa ana miaka sitini na mvi kichwa kizima. Ndiye kifungua mimba wangu. Alipozaliwa mkunga alimpima, akamtoa, akampima tena, hakuamini mtoto anaweza kuwa na uzito ule. Sisemi uongo, mkunga alikuwa na mashahidi.

Alianza kwa kubeba magunia stoo. Mwaka wa pili wakampa mizani, na hakuitoa mkononi tena. Kila mteja anamjua kwa jambo moja: hapimi mara moja. Anaweka nyanya, anasoma, anazitoa zote, anasema "pima tena," anaziweka upya. Foleni inaguna, yeye hana habari. Kuna siku mwalimu mmoja alirudi amefura, akisema viazi vyake vimepungua njiani. Mwanangu hakubishana naye. Kazi ilipoisha akapakia mizani kwenye toroli, akaisukuma mitaa mitatu mpaka kwa mwalimu, akapima mbele ya majirani. Viazi vilikuwa pungufu kweli. Kumbe mume wa mwalimu alikuwa ameshachemsha vitatu, amekaa jikoni kimya anamenya maganda. Mpaka leo mwalimu yule hanunui mboga kwa mtu mwingine.

Na umeme ulipokatika siku mbili, mizani zote za kisasa zikazima kama taa, nani aliyetoa ile ya zamani ya mawe chini ya kaunta, ikiwa safi, imepakwa mafuta? Wangapi amewafundisha kazi? Tisa, na wawili kati yao ni wakuu wa vitengo sasa. Mama mzaa chema nisiringe kwa nini?

Sasa niwaambie la wimbo, maana hapo ndipo roho yangu ilipoumia.

Duka liliita mabinti wawili wasanii. Walikuja Jumanne wazunguke, waone kila kitengo, watunge. Bahati mbaya Jumanne ile ndiyo siku fundi wa serikali anakuja kukagua mizani. Mwanangu alikuwa naye chumba cha nyuma, na kaunta ameifunika kitambaa, kama anavyofanya kila anapoondoka. Mabinti wakaona kitambaa, wakajua hapo hapauzwi kitu, wakapita.

Wimbo ukaletwa. Wafanyakazi wote wakakusanyika stoo kuusikiliza, na mimi nilikuwepo, nimempelekea mwanangu chakula chake cha mchana. Jamani, palichangamka! "Nyama laini, mkate wa moto, njoo na mama, njoo na mtoto!" Muuza nyama alicheza na kisu mkononi mpaka watu wakamkimbia. Mwokaji mikate alidai urudishwe pale alipotajwa, urudishwe, urudishwe. Mlinzi wa mlangoni, ambaye hata harusini kwake hakucheka, alisikia mstari wake akaonyesha meno yote. Keshia mkuu akamtania, "Kumbe unayo!"

Wimbo ukafika mwisho. Mboga hazikutajwa. Mwanangu alikunja mfuko wa chakula taratibu, akarudi kwenye kaunta yake.

Jioni alimwambia meneja amfute kwenye sherehe. Siku ya mwisho ataacha funguo mezani aende zake, kimyakimya. Meneja akambembeleza, wapi. Nikamwambia mimi, "Baba, nimeshashona gauni." Akanijibu kwa upole, "Mama, utalivaa kwingine. Miaka yote hii nilidhani naonekana." Usingizi wa wiki ile siutaki tena.

Aliyelikata shauri ni keshia mkuu, yule mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Ndani ya wimbo, baada ya mkate, kuna mahali maneno yanakoma, ngoma inapiga peke yake. Asubuhi moja wimbo ukafika hapo, naye akasimama kwenye kiti chake akapaza, "Pima tena!" Muuza nyama akadaka kutoka kaunta yake, "Pima tena!" Mwokaji akatoa kichwa, naye hivyohivyo. Mwanangu alikuwa na karoti za mteja kwenye mizani. Unajua alifanya nini? Alidhani anaamrishwa. Akazitoa zote akazipima upya, akamtangazia mteja kuwa uzito ni uleule. Duka zima lilikufa kwa kicheko, na yeye alipoelewa akacheka mpaka akashika kaunta.

Ikawa ndiyo desturi. Ngoma ikifika hapo, wafanyakazi wanapaza. Wiki ya pili wateja wakaingilia, watoto wakashikilia toroli wakingoja zamu yao kupiga kelele. Mabinti wakasikia habari, wakaja wenyewe kaunta ya mboga. "Baba, tusamehe. Tulikuta kitambaa." Akawaambia kosa ni la kitambaa, si lao. Wakarekodi upya pale chumba cha mikate, wafanyakazi wote wamebanana, na maneno yale aliyasema yeye. Waliomba aseme mara moja. Alisema mara mbili, na mabinti wakaziacha zote.

Nilipousikia nilikuwa kwenye foleni na kitunguu kimoja. Niliwaambia watu wote mbele yangu na nyuma yangu kwamba huyo ni wangu. Mmoja akasema ameshaambiwa na mimi dakika ileile. Basi nikamwambia tena.

Kwa niaba ya wenzake walioniachia kalamu: mwanangu, tunakushukuru kwa mikono yako ya haki. Hakuna aliyetoka kwenye kaunta yako na mashaka. Uzee wako uwe mwepesi, usingizi wako uwe mtamu, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Na nyinyi nyote, wa zamani na wa sasa, wateja na mwalimu wa viazi na mume wake pia: jana alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akasema, "Mama, waambie nitakuja." Sherehe ipo, tarehe thelathini ileile. Uani nyuma ya duka, magari yanaposhushia mizigo, kuanzia saa nne asubuhi. Asiniletee mtu udhuru. Ni Jumamosi.