Mjukuu wa Ng'ambo ya Korongo

"Mimi lile daraja naliangalia tu," alisema mama mkulima wa viazi aliyekaa mbele yangu. Basi dogo lilikuwa linapanda mlima taratibu, na nusu yetu tulikuwa wageni tunaokwenda kupiga picha kwenye daraja la kuning'inia. "Binti yangu kajifungua ng'ambo ya korongo. Kumwona mjukuu inabidi nizunguke mlima nusu siku."

Mzee aliyekaa naye, ambaye hakumfahamu, alikohoa kidogo. "Nyaya zile nilizikaza mimi, mama. Nilikuwa fundi pale. Hazina wasiwasi."

"Basi mbona linayumba?"

"Lisipoyumba litakatika."

"Hayo ni maneno ya fundi," mama alijibu. Mimi, ambaye fundi cherehani aliwahi kuniahidi suruali kufikia Jumamosi nikaipata baada ya miezi miwili, nilimuunga mkono kimoyomoyo.

Mzee hakukasirika. Tulipopita mashamba ya kabichi akasema, "Siku ya kwanza nilivuka mimi, watu wote wakinitazama. Kila nati naijua kwa mkono wangu, na bado niliogopa, nikashikilia nyaya kwa mikono yote miwili."

Mama akamgeukia. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Tangu siku ile sijarudia. Leo ndiyo nakwenda kujaribu tena."

Basi likasimama penye njia panda, upande mmoja darajani, upande wa pili ile njia ndefu ya mlimani.

"Sijasema navuka," mama alimwambia mzee, akashuka naye upande wa darajani, akainama kuvua viatu asiteleze.