Mzee Gramu na Baiskeli Iliyozidi Kupungua

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kisha urudi. Leo tunamkumbuka mtu aliyetumia maisha yake kupima mizigo ya wengine. Alikuwa karani wa vifurushi posta. Miaka thelathini na mmoja, dirisha lilelile, mizani ileile. Tulimwita Mzee Gramu, naye aliitika.

Wengi wenu mmepita kwenye dirisha lake. Mimi pia nimepita. Nilipeleka kifurushi cha viatu, akakiinua kwa mkono mmoja na kukisikiliza kidogo. "Kilo moja na gramu mia nne," akasema. Akakiweka kwenye mizani: kilo moja na gramu mia nne. Halafu akanirudishia. "Toa magazeti uliyojaza humo. Unasafirisha viatu au habari?" Ndivyo alivyokuwa. Hakuvumilia uzito usio na kazi.

Alipostaafu alijinunulia baiskeli ya mbio, ya mtumba, fremu ya chuma, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Watu walimcheka, mzee wa miaka sitini na ushee na baiskeli ya vijana. Lakini alikuwa na safari yake. Barabara ya juu inapanda mlima kilomita tisa, na pale lami inapoishia anaishi dada yake mkubwa. Kwao walizaliwa watano, wakabaki wawili: yeye bondeni, dada mlimani. Magoti ya dada yamegoma, hashuki. Kwenye simu anasikia nusu, nusu nyingine anabuni mwenyewe. Kwa hiyo kila Jumapili mdogo wake alipanda. Narudia, kila Jumapili, kwa miguu yake mwenyewe, miaka mitano.

Binti yake alimwambia, "Baba, gari lipo. Nitakupeleka kwa shangazi." Akakataa. "Gari lako lina haraka. Nikikaa nusu saa tu, unaanza kuchezea funguo. Mimi nataka kukaa na dada yangu mpaka tukose la kusema, halafu tuendelee kukaa."

Mwaka jana mlima ukaanza kumshinda. Kuna kona moja yenye ukuta wa mawe ambapo hakuwahi kushuka kwenye baiskeli. Jumapili moja akashuka. Akaushika ukuta, akahema. Mtu mwingine angejiuliza, nina nini mimi? Yeye aliitazama baiskeli. Karani wa vifurushi akiona mzigo hauendi, anaulaumu mzigo.

Aliporudi nyumbani akapanda kwenye mizani ya chumbani, ile ya kupimia mtu, baiskeli kaikumbatia kifuani. Ikasoma kilo themanini na moja na gramu mia mbili. Yeye mwenyewe alijijua: kilo sitini na nane, uzito wake wa miaka nenda miaka rudi. Akatoa sitini na nane. Zikabaki kilo kumi na tatu na gramu mia mbili. Akaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo: 13.2.

Ishikeni hesabu hiyo, wasikilizaji wapendwa. Alijipima pamoja na baiskeli, kisha akatoa uzito wake. Sitini na nane.

Ndipo akaanza kwenda kwa Mama Spoku, fundi wa baiskeli wa mtaa wa nyuma ya posta. Kwanza lilitoka tandiko la zamani lenye springi, kikaingia kiti chembamba ambacho mama huyo anasema hata paka asingekikalia. Kisha pedali. Kisha magurudumu mepesi yenye spoku chache, na tairi nyembamba. Kisha uma wa mbele unaoshika gurudumu, chuma kikatoka, kaboni ikaingia. "Mpaka kengele aling'oa," anasema Mama Spoku. "Nikamwambia, mzee, kengele ni gramu arobaini tu. Akaniambia, ibebe mpaka juu ya mlima, ndipo utuambie hiyo 'tu' inatoka wapi."

Kila kifaa kikiingia, alipanda kwenye mizani na baiskeli yake kifuani. Akatoa sitini na nane. Akaandika. 11.6. 9.8. 7.9. Mlango wa stoo ulikuwa na habari njema tupu. Ila alipoiinua baiskeli kwa mkono, ule mkono usiokosea ulimwambia bado ni nzito. Akaupuuza. "Mkono wangu nao umestaafu," akamwambia binti yake, wakacheka.

Baiskeli ikazidi kupungua na mlima ukazidi kurefuka. Alishuka kwenye kona ya ukuta wa mawe, kisha kwenye kona iliyotangulia, kisha hata kwenye tambarare. Alifika chai ikiwa imepoa. Hakuogopa uchovu, wasikilizaji. Aliogopa kitu kimoja, Jumapili ambayo dada atakaa langoni na yeye asitokee. Hiyo ndiyo iliyomnyima raha. Alikuwa na hamu ya kumwona dada yake wiki nzima, kuanzia Jumatatu asubuhi.

Jumanne moja akaingia kwa Mama Spoku na kifua mbele. "Tumefika kilo tano na gramu mia moja," akasema.

Mama Spoku akaweka spana chini. "Mzee, hata wale wa mashindano wa kwenye televisheni hawana baiskeli ya kilo tano."

"Basi waje wanione."

Mama Spoku ana mizani ya ndoano, imening'inia darini. Akaitundika baiskeli. Ikasoma kilo kumi na gramu mia sita. Akaishusha, akaitundika tena. Kumi na mia sita.

"Labda mizani yangu inadanganya," akasema kwa upole.

"Mizani haidanganyi, binti yangu," akajibu Mzee Gramu. Mama Spoku anasema alimwona akihesabu kwa vidole, kama mtoto wa shule. Akauliza, "Hapa jirani kuna mizani ya mtu?" Ipo duka la dawa, mlango wa pili. Akaenda, akarudi, akasimama mlangoni.

"Baiskeli haina kosa," akasema.

Nirudie, tusiachane njiani. Baiskeli ilipungua kweli, kilo mbili na nusu hivi. Zilizobaki zilitoka kwake yeye. Kilo tano na nusu za mwili wake aliziandika kwenye mlango wa stoo kama ushindi wa baiskeli. Huyu ndiye aliyewafundisha makarani vijana kwamba kabla ya kupima chochote, hakikisha mizani inasoma sifuri. Kinyozi hajinyoi, wasikilizaji wapendwa. Sijui nicheke au nilie, na binti yake aliniambia nifanye yote mawili.

Hospitali alikwenda Jumatano. Daktari hakuzunguka mbuyu. Maji yalikuwa yameshazidi unga, na ugonjwa ulikuwa umejichimbia siku nyingi. Binti alimsihi sasa akubali gari. Akajibu, "Baada ya Jumapili hii, nibebeni mnavyotaka. Jumapili hii naenda mwenyewe."

"Nilimfuata nyuma kwa giya ya kwanza," anasema binti. "Aliniona. Akajifanya hanioni, nami nikajifanya sijui kama ameniona. Alipanda kidogo, akasukuma sana. Ilimchukua saa tatu na dakika kumi. Kwenye ule ukuta wa mawe alikaa mpaka nikafungua mlango wa gari. Akaninyooshea mkono bila kugeuka, kwamba nisije. Nikafunga."

Dada alikuwa langoni, kakaa kwenye kiti cha plastiki, chai keshaifunika kwa kisahani. "Mimi ndiye niliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, Mama akienda kazini," aliniambia. "Aliponikumbatia siku ile, nikajua kabla hajafungua mdomo."

Hakushuka tena. Alikaa kwa dada yake siku kumi na moja, wawili hao, wakikosa la kusema na kuendelea kukaa. Siku ya kumi na mbili asubuhi, dada akiwa anamsomea gazeti kwa sauti, akatutoka. Dada anasema yeye alimaliza kwanza kuusoma ukurasa wote.

Kwa dada yetu kule mlimani, kwa binti, kwa Mama Spoku na kwa makarani wote wa dirisha lile: poleni sana. Mungu awape subira, na marehemu apumzike. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu wako anayekaa mbali na wewe, nenda Jumapili hii. Nenda hata kwa gari. Ukifika, mtazame usoni kwanza, habari za safari zitafuata.

Ushauri huo si wangu. Ni wa dada yake, na aliniomba niutoe hewani pamoja na sababu yake. Nilikuwa nimeshasimama kuaga, akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "mwaka mzima alikuwa akifika hapa ananiambia, Dada, imepungua tena. Nami nilikuwa namwambia hongera."